Kisu cha Mkono wa Kuume

Bukavu, tarehe 9 Novemba 2023, mwezi wa saba tangu nitoke Uvira.

Maman Marie-Louise, wewe unayesomea watu barua zao redioni bila kuwacheka, soma na yangu, kwa sababu tangu wiki iliyopita situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natembea, mpaka Gentil, mwenzangu wa kazi, ananiambia nitamaliza sakafu ya nyumba tunayopanga.

Mimi ni Assani, nilifika darasa la sita tu, kazi yangu ni kuzamia hapa ziwani, tunavaa mtungi wa hewa mgongoni na kushuka kutoa plastiki na nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa hapa, zilizoachwa chini ya maboti bandarini, na nilipoondoka nyumbani baba yangu, muzee Latifu, ambaye ni mchinjaji, alinipa kisu chake kimoja kirefu cha ncha kali, akasema, "Kisu ni ya mukono ya kuume. Ya kushoto haishike kisu." Ndivyo alivyonilea, kushoto ni kwa kujisafishia, basi nikakifunga kwenye mguu wa kulia, upande wa nje chini ya goti, kwa mpira wa baiskeli, pale mkono wa kuume unapokifikia vizuri.

Wiki iliyopita nilikuwa chini ya boti moja, maji machafu, mtu haoni kiwiko chake, nikaingiza mkono wa kuume ndani ya wavu ili niuvute, wavu ukanibana kifundo, nikarusha mguu wa kulia nao ukashikwa, kisu kiko palepale mguuni na mkono wa kushoto uko huru, na wallahi maman, ule mkono ulibaki unaning'inia kama wa mtu mwingine, na nilipoutuma haukufika, mtungi ulinizuia kujipinda, hewa naimeza kwa pupa, mpaka Gentil akaona mapovu yangu, akaja, akanishika bega kwa mkono wa kuume nisipapatike, akakata wavu kwa mwingine.

Tulipopanda juu akavua miwani, akaniuliza, "Assani, ile mukono yako ya kushoto iko ya nini? Ya kuvaa saa?" Watu wakacheka, mimi sikucheka. Tulipobaki wawili akasema, "Weka kisu kifuani, mikono yote mbili ifikie. Kama hapana, mimi sishuke tena na wewe. Bibi yako Zabibu nitamwambia nini?" Nikampigia baba simu. "Kisu kwa kushoto?" akasema. "Nani alikufundisha hiyo?" Akakata.

Mwisho wa mwezi tunarudi chini ya boti ileile, bila mwenzi sishuki, na bila kushuka sina kazi, nikikihamisha kisu namvunjia muzee heshima, nikikiacha naogopa ule wavu. Nifanye nini? Nimemwahidi mke wangu Zabibu kwamba Ramadani haitanikuta Bukavu, nitafika nyumbani kabla mwezi haujaandama.

*

Pole sana, mwanangu Assani. Kunaswa chini ya boti hakusahauliki kwa wiki moja, na miguu yako ina haki ya kukataa kutulia. Lakini kichwa chako ni kigumu. Ulifunga kisu mahali ambapo mtu aliyenaswa hafiki, tena upande wa nje wa mguu, ambapo wavu ukipita unajishikiza kwenye mpini.

Nimemuuliza papa Venant, aliyezamia miaka mingi Kalemie, naye hakunizungusha. Kifaa cha kukatia kinakaa mbele, kwenye mkanda wa kifua au katikati ya mkanda wa kiuno, ili mkono wowote uliobaki huru ukifikie bila kutafuta. Tena kisiwe kimoja. Chukua kisu kifupi kisicho na ncha, usije ukajitoboa, kikae kwenye ala inayofunga vizuri, halafu mkasi mnene mahali pengine, karibu na bega, maana uzi wa wavu mkasi unaumaliza upesi. Mkubwa wa kazi ndiye wa kuwapa vifaa hivyo. Mwendeeni wote wawili kabla ya kushuka.

Mkivipata, vaa kila kitu, ukae barazani, ufumbe macho, Gentil akubane mkono mmoja nawe utoe kisu kwa mwingine. Kisha abane ule wa pili. Ukikosea nchi kavu, usishuke.

Kuhusu baba yako, alikufundisha kuchinja na kula. Wavu hauchinjwi. Kisu chake kioshe, kifunge kwenye kitambaa, kikae chumbani, utamrudishia kwa mkono wa kuume kama anavyopenda. Wala usimweleze kwa simu. Mweleze umekaa mbele yake, akuone mzima.

Halafu soma tena barua yako. Gentil alikushika kwa mkono wa kuume, akakata kwa mwingine. Huo mwingine ni upi, Assani? Umeuandika bila kuutaja jina. Ndio uliokurudisha juu, na wako, ukiuacha ufanye kazi, utakufikisha kwa Zabibu kabla mwezi haujaandama.