Nilivyojificha Kwenye Chai

Jumamosi jioni, Makandana. Mvua imeanza saa tisa na haina dalili ya kukata. Sketi niliyofua Jumatano bado ina unyevu. Niko kitandani, nimevaa soksi mbili mbili.

Sikiliza sauti ya mvua, alituambia kocha.

Nyoo! Mtu wa Tukuyu aambiwe asikilize mvua. Tumeisikiliza tangu tumboni mwa mama zetu.

Huyo kocha aliletwa shuleni kwetu majuzi kutufundisha sisi walimu jinsi ya kuishi kwa furaha. Alitoka Dar na makoti mawili, moja juu ya jingine, akatetemeka kutwa nzima huku akituhubiria kwamba furaha iko kwenye vitu vidogo. Kikombe cha chai, kwa mfano. Eti chai, anatuambia sisi tunaoichuma. Akagawa vidaftari vyenye picha ya ua, kila siku uandike mambo matatu yaliyokufurahisha. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu wa Jiografia alilia kabisa. Mimi siku ya kwanza niliandika: chai, mvua, chai. Siku ya pili nikaandika: kama jana.

Nadharau, lakini naogopa.

Niseme ukweli hapa, maana nyumbani sijasema. Presha yangu iko juu. Daktari amenipa wiki mbili, nipunguze chumvi, nipumzike, nirudi Jumatatu. Isiposhuka naanza vidonge vya kila siku. Mama yangu alianza hivyohivyo, kule Masoko. Akaanguka jikoni kwa kiharusi, mwiko mkononi, akiwa na umri wangu huu.

Nipumzike wapi sasa? Jumatatu hadi Ijumaa ni chaki, Jumamosi niko Ikuti kwa wakwe napalilia na kupika, Jumapili kanisani. Mume wangu yuko kazini Mbeya. Nikimwambia nimechoka huniambia pole kwa simu, basi anaona amemaliza.

Leo asubuhi nimeshuka kwenye bodaboda pale njia panda ya Ikuti, nikanunua mahindi mawili ya kuchemsha ya kumpelekea mama mkwe, nikakata kupitia mashamba ya chai. Mwendo wa mbio kama kawaida yangu, mwavuli juu kwa sababu ya manyunyu. Karibu na kona nikasikia kikohozi. Baba mkwe.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kwa mila ya Kinyakyusa, mke haonani na baba wa mume wake. Wengi wameshaacha, ila ukoo nilioolewa mimi haujaacha. Miaka tisa sijamtazama usoni, sijaongea naye, jina lake silitamki. Nikimsikia natoka njiani. Kwa hiyo mimi, mwenye shahada ya Fizikia, niliutupa mwavuli, nikaruka mtaro, nikachutama katikati ya michai na kanga kichwani. Nilijidharau sana.

Nilidhani atapita. Wapi! Alikuwa na jirani yake, wakasimama palepale wakaanza habari za ng'ombe anayekaribia kuzaa. Ng'ombe huyo ana mambo mengi. Miguu ikafa ganzi, nikakaa chini kabisa, sketi ikalowa. Potelea mbali, nikasema moyoni, nikatoa hindi moja.

Lilikuwa bado la moto. Manyunyu yakakata, jua likatoka, la kwanza wiki hii, likanipiga mgongoni. Nikala punje mojamoja kama mtoto, nikisikiliza habari za ng'ombe. Na moyo wangu, ambao siku hizi unanipigia masikioni nikilala, sikuusikia.

Nikakasirika. Sikutaka yule kocha awe amesema kweli.

Jirani akachoka, akasema waende, mawingu yanarudi. Baba mkwe akamjibu kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Tungoje kidogo. Mke wa mwanangu yuko humo kwenye chai, anakula. Tangu aolewe namsikia anakimbia tu. Leo ndiyo mara ya kwanza ametulia."

Mwavuli wangu. Mwekundu, uko wazi katikati ya njia. Walikuwa wamesimama kando yake muda wote.

Nililia bila sauti, hindi mdomoni. Mume wangu ananiona kila mwisho wa mwezi na hajagundua kitu. Daktari alihitaji mashine. Huyu mzee hajawahi hata kunitazama, ananijua kwa mshindo wa miguu.

Baadaye sana wakaondoka. Nilipotoka niliukuta mwavuli umefungwa vizuri, umeegemezwa kwenye mchai.

Kwenye kidaftari cha ua sijaandika kitu. Kocha hayamhusu haya. Jumatatu naenda kupima, na bado naogopa. Asante siwezi kumpa yule mzee, hata salamu siruhusiwi. Lakini Jumamosi ijayo, nikikaribia ile kona, nitatembea polepole, asikie.