Jina Alilopewa Carys

Kaka yangu mpendwa Emrys,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini mgongo umepata nafuu na wifi hajambo. Mama ni mzima, ingawa bado huandaa vikombe viwili vya chai, chake na cha Carys. Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Subiri, nitafika huko.

Ripoti ya jopo linalochunguza jinsi dada yetu Carys alivyouawa na mumewe imekaribia kukamilika. Bi Thorpe, mwenyekiti wa jopo, alitueleza kwamba ripoti hizi hazitaji jina halisi la marehemu. Familia huchagua jingine. Mama akajibu papo hapo, "Mwiteni Olwen, jina la bibi ya wanangu. Yule hakuwahi kumwogopa mwanamume." Tukacheka, kisha tukalia.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwao kusoma rasimu. Nilitaka kujua wa kulaumiwa ni nani. Kaka, hakuna aliyejua yote. Daktari alimwona mume akiingia na mkewe kila mara na kumjibia, akaandika kwamba ni mume anayejali. Wanakwaya waliambiwa haji kwa sababu ya barafu barabarani, wakaamini hata theluji ilipokwisha. Polisi waliitwa na jirani, wakakuta nyumba safi, wakaondoka. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na jopo linataka siku nyingine vipande vikutanishwe mapema.

Kwa kuwa jina lilikuwa Olwen, nilisoma kama habari za mtu baki. Simu ya Olwen ilikaguliwa kila jioni. Olwen aliacha kwaya. Nilimhurumia, hata nikajiuliza kwa nini asiondoke. Hapo nikaiweka rasimu chini, kwa sababu na mimi nimeacha kwaya.

Wewe hunitania kwamba mume wangu Huw ananibeba kama yai. Ni kweli, na hataki kuniweka chini. Hajanipiga. Carys naye hakupigwa hata mara moja kabla ya siku ile.

Nilimwambia Bi Thorpe. Hakushangaa. Alifunga mlango, akanipa chai, karatasi na bahasha nikuandikie. Alisema saa ya kuondoka ndiyo ya hatari zaidi, tusifanye papara. Basi Alhamisi, Huw akiwa kazini, nitakuja kwako na watoto. Mama anajua. Naogopa sana, lakini nitakuja.

Wifi atutandikie popote, na wanao wape salamu zangu. Usinijibu, wala usipige simu. Simu yangu nayo hukaguliwa kila jioni, na barua zangu hufunguliwa na Huw.

Mdogo wako,
Nerys