Betri ya Kuonea Uso Wako

Mdogo wangu Neema,

Salamu kutoka Chanika, kwenye nyumba mpya ya Shangazi ambayo umeme bado haujaifikia. Kadi hii nampa dereva wa basi, maana kukupigia ni kula chaji.

Ijumaa Mama anafunguliwa bandeji ya macho. Daktari hajaahidi kitu. Mama kasema uso wa kwanza kuuona uwe wako, tena mkubwa, kwenye kishikwambi na siyo kwenye simu. Basi nikaenda Gongo la Mboto kutafuta pawabenki, betri ya kubeba ya kukijazia chaji. Muuzaji akaijaribu kwa kitochi chake, kale kasimu ka vitufe. "Unaona, braza? Inajaza hiyo!"

"Kitochi hata ukikitazama kinajaa," nikamwambia. "Jaribu na kishikwambi hiki, kama mnavyojaribu balbu."

Akachomeka. Alama ya chaji ikawaka huku asilimia zinashuka.

"Kishikwambi chako ndicho kilafi!" akafoka.

Nikamwomba aniuzie ile inayojaza simu yake nyingine, ile kubwa, pale chini ya meza. Akaninunia, lakini hiyo ilipandisha.

Sasa ninayo na hofu imezidi. Naigusa kila mara nione kama imepata moto. Mama kanisikia. "Umenunua betri au umeokota yai?"

Siku hiyo nikikupigia kwa video, kaa penye mwanga, chana nywele, na utabasamu tangu mwanzo. Mie naomba vishike vyote, betri na macho ya Mama.

Akuone, mdogo wangu.

Kaka yako