Usimpikie Tena Paskali

Dar es Salaam, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mbaazi za hapo Ganako mmeshavuna, au ng'ombe wa jirani wamewatangulia tena? Mimi ni mzima, ila mikono imebabuka kwa sabuni za dobi hapa hotelini, na tangu jana sina raha.

Jana tulionyeshwa filamu kwenye bwalo la wafanyakazi. Ni ya mwanamke mwenye sauti ya ajabu. Nchi nzima ilimpenda, na mumewe alimpenda kuliko wote. Alipoanza kulewa ovyo, mume akawa anammiminia pombe kwa mkono wake, ili anywe nyumbani asiaibike mitaani. Akamfia mikononi. Wenzangu walimlilia mwimbaji. Mimi nilimlilia mume, Mama, kwa sababu nilikuona wewe.

Usinikasirikie. Uliniambia mwenyewe kwa nini unampikia pombe mdogo wangu: "Bora Paskali anywe jikoni kwangu nikimwona, kuliko waniletee maiti kutoka barabarani." Tangu aanze kuwaimbia watalii Karatu, kila anayempenda anamtuza chupa, ukaona heri kibuyu chako. Lakini juzi kwenye simu alinisalimu mara tatu, kama vile ndiyo kwanza napokea.

Na mimi si msafi. Alipokuja huku kurekodi alitetemeka, akashindwa hata kushika maiki. Akaniambia, "Dada, kidogo tu, nikae sawa." Nilikimbia dukani nikamletea. Akaimba vizuri mno, na ndio huo wimbo unaousifia kwa majirani. Mimi nikiusikia nazima redio.

Nimemuuliza nesi ninayepanga naye nyumba moja. Amesema tusimkatishe pombe ghafla tukiwa nyumbani, anaweza kuanguka akafa. Aachie hospitali, mbele ya daktari. Nimeomba ruhusa, Alhamisi nitakuwa hapo. Mpaka nifike usimnyime, ila usiloweke mtama mwingine.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na baba mdogo, mwalimu wa kwaya. Mwambie tutamhitaji kumpandisha Paskali kwenye gari, maana sisi wawili hatumwezi.

Huko wodini atakulilia, Mama. Atasema humpendi, na wewe utataka kumrudisha nyumbani. Mimi najijua, nitataka hivyo hivyo. Basi tukae mlangoni tushikane, asipite mmoja wetu kwenda kumtafutia chupa.

Ni mimi mwanao,
Rozalia