Si Mimba, Dada

Kwako Dada Skola,

Shikamoo. Sauti ya jembe langu bado imo masikioni mwangu: liliniponyoka shambani, likagonga jiwe, kisha jiwe jingine, likateremka mlimani likilia mpaka korongoni. Wanawake wakaangua kicheko. "Mwalimu, jembe lako limekwenda mjini Mwembesongo kutafuta chumvi!" Nilicheka nao ili wasitazame vidole vyangu.

Hamjambo huko Mbinga? Mgongo wa Mama je? Mimi nafundisha, lakini wewe sikufichi kitu.

Vile vidonge vya saratani, vya kuzuia homoni, vimeniingia viungoni. Nikiamka, vidole havikunjiki. Nalowesha mikono kwenye maji ya moto ndipo nishike chaki. Misuli ya miguu hukaza ghafla nikiwa ubaoni, na tumbo hunisokota. Daktari wa Dar alinionya kwamba haya yanaweza kutokea, akasema nisiache dawa bila kumwona. Namwamini, Skola. Hata hivyo, goti likiuma tu najiuliza: ni dawa, au ugonjwa umehamia mifupani? Ndiyo maana uliponiandikia, "Achana navyo, urudi nyumbani," sikuweza kukujibu upesi.

Hapa kila Jumamosi ni shamba la kijiji, walimu nasi tumo. Asiyelima huitwa kupe. Siku ile Mama Bibiana, balozi wa nyumba kumi zetu, aliliokota jembe langu asinirudishie.

"Kaa chini, mwanangu. Tumbo linakusokota, jasho linakutoka kwenye baridi hii, vidonge unameza kwa kujificha. Sisi tumezaa, tunajua."

"Wewe zaa tu," akadakia mwingine, "baba yake tutamtafuta baada ya mavuno!"

Nikakaa, Skola. Nilipumzika kwa ajili ya mimba isiyokuwapo, na kwa kitambo nilitamani iwe kweli. Wiki nzima wakaniletea uji na ndizi, nami kila bakuli lilinizidishia hofu. Tumbo lisipokua watasema nimeitoa. Katika kijiji cha misheni, mwalimu wa kike atatazamwaje tena baada ya hapo?

Nisalimie shemeji, mwambie gauni alilonishonea limenipwaya kidogo ila nalivaa. Msalimie shangazi aliyenilea. Mama umpe shikamoo yangu. Ukimsomea barua hii, haya ya katikati yaruke, nitamweleza mwenyewe.

Kurudi, sirudi. Leo asubuhi, kabla hatujaanza kulima, nilisimama mbele yao nikasema: si mimba, ni saratani, nimekatwa titi, na dawa ndiyo inayonikaza hivi. Kisha Mama Bibiana akaniuliza, "Cha leo umemeza?"

Nilikuwa bado. Nikakimeza palepale, wakinitazama, kwa maji ya kibuyu chake.

Mdogo wako,
Emerensiana