Mizani Inaning'inia kwenye Goli Lenu

S.L.P. 41,
Bariadi,
Mkoa wa Shinyanga.
20 Agosti 1995

Mpendwa Shangazi Mektilda,

Mwangaluka, mayu! Habari za Songea na baridi yake? Ule mguu uliokuwa ukivimba umepoa? Baba Josia hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa bibi ana kikohozi chake cha kiangazi, na hataki kusikia habari za hospitali. Mvua ilikatika mapema, lakini pamba ilikubali. Mtama ndio umetutupa mkono.

Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Kaka Shija amepata mchumba kule Kimali, na watu wa kwao wanaringa kweli kweli.

Shangazi, nazungusha maneno. Naona haya kukuandikia lililopo, ndiyo maana nimeanzia kwenye ndama.

Mwezi wa sita sisi wasichana wa timu ya Mbuni hapa chuoni tulikualika uje Septemba kwenye miaka ishirini ya timu, ufungue mchezo kwa kurusha mpira wa kwanza. Jibu lako kwamba utakuja, tena na mwenzako Domitila, lilisomwa bwaloni, na wasichana wakapiga vigelegele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Jina lako wanalijua wote. Kila anayeingia mwaka wa kwanza husimuliwa jinsi ninyi wa mwanzo mlivyosomba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni mpaka uwanja ukasakafiwa, na jinsi mlivyocheza kwa sketi za kazi, watu wakisema mpira wa kikapu utawafanya mkose waume.

Na husimuliwa habari ya ng'ombe wako. Wengine hudhani ni hadithi tu, mimi huwaambia ni kweli, mwenyewe ni shangazi yangu. Ulipochumbiwa ulimwomba babu ng'ombe mmoja katika mahari yako mwenyewe. Wazee walicheka, msichana gani anaomba mahari yake? Babu akakupa dume jekundu, ukaliuza, ukanunua mabomba na ringi za magoli mawili. Ng'ombe waliobaki ndio baba yangu, mdogo wako, aliowatoa mahari kumwoa mama. Kwa hiyo mimi na magoli yale tumetoka zizi moja.

Sasa sikia. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, Bariadi imejaa wanunuzi. Baba naye amekuwa wakala wa kampuni moja ya Mwanza. Chuo nacho siku hizi kinaambiwa kijitegemee. Kwa hiyo mkuu wa chuo amemkodisha baba uwanja wetu, kwa sababu ndiyo sakafu pekee hapa karibu ambayo pamba haishiki vumbi. Magunia yamepangwa mpaka mstari wa katikati. Na mizani, Shangazi, ameitundika kwenye ringi ya goli lako.

Usidhani alifanya kwa dharau. Wanunuzi wengine hutundika mizani kwenye matawi ya miti, watu wakanung'unika kwamba wanapunjwa. Baba huwagongea bomba kwa ufunguo wa baiskeli, akisema, "Chuma hiki ni cha dada yangu, hakidanganyi!" Alijivuna, maskini. Lakini watu walileta lumbesa, magunia yaliyoshindiliwa hadi yakavimba, na ringi ikaanza kuinama. Nilimwambia. Akanijibu mla ni mla leo, mla jana kala nini. Tena akanitazama miguuni. Raba ninazochezea alininunulia yeye kwa pamba hiyo hiyo. Nikaondoka zangu.

Jumamosi iliyopita walikuja wasichana wa chuo kimoja cha Mwanza kucheza nasi. Tuliwaahidi kwamba uwanja utakuwa wazi. Walipofika, ringi ilikuwa imekatika upande mmoja, inaning'inia, na mizani bado iko pale. Nahodha wao akauliza ni ya nani. Wenzangu wote wanaijua mizani ya baba yangu. Joyness, nahodha wetu, hakunigeukia hata kidogo. Akasema, "Ya mfanyabiashara mmoja tu, mgeni hapa." Walinisitiri, Shangazi, na ningeona nafuu kama wangenitukana. Wageni wakala wali wetu wakarudi bila kucheza. Tangu siku hiyo nakula peke yangu. Hawajanifukuza, ila sina uso wa kukaa nao.

Jioni nilipomwambia baba, alifoka mpaka bibi akatoka nje. Naye ana aibu, ndiyo maana anafoka. Mama aliendelea kupembua mchele. Mwishoni akasema, "Ng'ombe za Mektilda ndizo zilizonileta kwenye mji huu," akaingia ndani. Baba hakula.

Jana ameniagiza nikuandikie kwamba sherehe imeahirishwa, kuna kipindupindu, usisumbuke na safari. Shangazi, kipindupindu hakipo. Sherehe ipo palepale, goli ndilo halipo.

Mimi ni mtoto, siwezi kumkemea baba yangu. Mama hawezi, ameolewa. Bibi anamdekeza. Katika mji huu mwenye kinywa cha kumwambia ni wewe, dada yake, na yeye anajua, ndiyo maana hataki uje.

Njoo. Usipitie chuoni kwanza, utalia bure mbele ya wasichana. Njoo moja kwa moja nyumbani, upokee maji, ukae kwenye kigoda cha bibi. Baba akishakusalimia, muulize jambo moja tu: "Ndaki, ng'ombe wangu yuko wapi?" Kisha unyamaze. Mimi nitakuwa mlangoni, raba nimezivua.

Nisalimie Baba Josia, Josia mwenyewe, na Precious, mwambie nimemwekea karanga. Bibi anasema Mungu akufunike njiani, na gari lako lisiharibike porini.

Ni mimi, mtoto wa ng'ombe zako,
Nyanjige