Kamto ka Uzi Nyekundu

Waithaka,
9 Machi 2009

Kwako kaka Haron,

Kwanza salamu. Natumai hiyo kifua yako imepoa na sai unalala bila kukohoa. Huku sisi ni wazima, mvua ndio imekataa. Mama yetu anasema ukitaka maharagwe ya shamba uje mwenyewe, hatumi mtu.

Naandika kwa sababu unajua simu mimi huishika tu, maneno yanakwama, nanyamaza mpaka mtu anakata. Na ni wewe uliniambia, nikitoka shule darasa la nne, Kibe andika, kwa karatasi hakuna mtu anakuangalia mdomo. Kwa hivyo Waceke jirani atakuletea hii akienda kufagia ofisi huko Westlands.

Kuna kitu nimetengeneza. Mama mmoja wa Karen, anaitwa Debra, alileta viti za gari yake kwa duka ya Mwihaki, pale naajiriwa, tushone. Gari iko na ile kitu ya kuonyesha njia, jipiesi, inaongea kama mwalimu. Inashikwa kwa kioo na raba ya kunyonya. Jua ikiwaka raba inaachilia, inamwangukia kwa miguu. Lakini si hiyo ilikuwa inamsumbua. Jipiesi yake ya kwanza iliibiwa akiwa ameificha vizuri. Ile raba ilikuwa imeacha duara kwa kioo. Mwizi akiona duara anajua kitu iko ndani. Ni kama kuandika kwa mlango, pesa iko chini ya godoro.

Nilichukua mabaki ya letha, ile ngozi ya viti, nikashona kamto, mto mdogo wa kuweka kwa dashbodi. Mara ya kwanza nilijaza maharagwe, yakapikwa na jua, gari ikanuka githeri siku mbili. Nikatoa. Nikachekecha mchanga, nikaukaanga kwa sufuria ndio ukauke. Mwihaki alinipata hapo akaniuliza kama nataka chumvi. Chini nikabandika tiubu ya lori, haitelezi hata kwa matuta. Juu nikaweka soli ya ndara, hizi za pata pata, nimeikata mfereji, jipiesi inakaa hapo kama mtoto mgongoni. Kwa kioo hakuna alama.

Debra alikabonyeza, akaniangalia, akaniita fundi. Mtu hajawahi kuniita hivyo. Nimekutumia kamoja uone.

Mdogo wako,
Kibe


Westlands,
14 Machi 2009

Niaje mdogo wangu,

Mimi niko, kifua iko sawa, kazi ya kuosha magari za watu ni ile ile, maji baridi na kelele. Salimia mathe, mwambie nakuja Pasaka.

Kamto kako nimekaona, jo. Nimekaonyesha wenye magari hapa paking. Jamaa mmoja wa suti amekaweka kwa kichwa akasema atalalia kwa foleni ya Waiyaki Way. Wanataka. Wewe shona, kuongea niachie mimi, si unajua mdomo yangu haina breki.

Kitu moja tu. Hiyo uzi nyeusi inafanya ikae ya matanga. Weka nyekundu, na ushone kubwa kubwa kwa mzunguko, mtu hata akiwa nje ya gari ajue hiyo ni kazi ya Kibe wa Waithaka. Kila kampuni kubwa iko na alama. Wewe pia uko na yako.

Nilikwambia siku moja watakujua.

Kaka yako,
Haron


Waithaka,
2 Mei 2009

Kaka Haron,

Salamu zetu zote. Tunashukuru Mungu tumeamka. Wewe uko aje, na mbona Pasaka hukuonekana? Mama yako alipika chapati akafunika mpaka jioni.

Wale watu unatuma wanafika. Wanakuja wakisema, wewe ndio yule wa kamto? Mimi naitikia na kichwa. Mwihaki amenipa meza yangu kando ya dirisha, nashona tumito tu, viti anashona yeye. Amesema hii mwaka ikiisha hivi atanifanya wa kudumu. Usimwambie mtu bado.

Uzi nyekundu iliisha wiki jana, mzee Kisilu, yule anapaki hapo kwenu, nikamshonea na nyeusi, akasema ni sawa, yeye si mtu wa marangi. Wengine wote ni nyekundu vile ulisema.

Kitu inanifurahisha ni vile wanatumia. Wakipaki wanatoa jipiesi wanaificha chini ya kiti. Kamto wanaacha hapo kwa dashbodi. Nani ataiba mto wa mchanga?

Na koti yako ya kazi Waceke alileta. Kiwiko ilikuwa imekwisha kabisa. Nimeweka kiraka ya letha, nikashona na uzi ile ile nyekundu. Sasa wewe pia uko na alama.

Mdogo wako,
Kibe


Waithaka,
19 Juni 2009

Kaka Haron,

Natumai uko mzima. Mimi mwili ni mzima.

Debra alikuja jana. Hakusalimia. Aliweka kamto kake kwa meza yangu, katikati ya mikasi, akasimama. Gari yake ilivunjwa kioo Westlands mchana, jipiesi ikatolewa chini ya kiti. Hawakugusa redio. Hawakugusa hata viatu zake mpya. Walienda chini ya kiti moja kwa moja.

Na si yeye peke yake. Kuna daktari mmoja nilimshonea, na yule wa suti. Wote wameanza kupigiana simu, na kitu wanapata wote wako nayo ni mimi.

Mwihaki alisema mbele yake, huyu kijana namjua. Debra akasema, "Wewe unamjua. Mimi najua tu kwamba gari yangu ilikaa hapa ikiwa wazi."

Wakati alienda, watu wa gereji ya jirani walikuwa wamesimama nje wanatazama. Hakuna mtu alisema mwizi. Lakini unajua huku kwetu hiyo neno ikisemwa mara moja kwa sauti, mtu haulizwi swali. Nilirudi nyumbani na njia ya nyuma.

Mwihaki ameniambia nikae bila kushona tumito mpaka hii kitu ijulikane. Meza bado iko, lakini amewekelea viti.

Kaka, wewe uko hapo paking kila siku. Umeona nani akizunguka hizo gari? Nisaidie. Sina mtu mwingine wa kuuliza.

Mdogo wako,
Kibe


Westlands,
24 Juni 2009

Mdogo wangu Kibe,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikashindwa kula. Salimia mathe, na usimwambie hizi mambo, presha itapanda.

Sikiza. Hiyo ni vijana wa tao, hapa mjini hawakosi. Wanavunja kila gari. Hao wateja wako wanataka tu mtu wa kulaumu, na wewe uko rahisi kwa sababu huongei. Usiende kwa polisi. Mtu hajasoma akiingia pale kujieleza, anabaki pale. Nyamaza vile umezoea, itapita.

Lakini nataka kukusaidia. Wale wengine wako na tumito na hawajaibiwa, niandikie wanapaki wapi na saa ngapi. Nitawachungia mimi mwenyewe. Wale vijana wakitokea nitawashika.

Usiogope. Mimi niko.

Kaka yako,
Haron


Waithaka,
6 Julai 2009

Kaka Haron,

Salamu. Asante kwa barua, niliisoma mara nyingi.

Waliobaki si wengi. Mzee Kisilu unamjua, anapaki hapo kwenu. Mwingine ni Mbarak, yule wa duka ya vitambaa huko tao tunanunua letha kwake. Nilimshonea juzi, nyekundu, Mwihaki alikubali kwa sababu ni rafiki. Jipiesi yake ni ile kubwa. Anapenda kuifunga na kitambaa anaweka chini ya kiti ya dereva. Ijumaa akienda swala anaacha gari kwa kichochoro nyuma ya duka, Peugeot ya kijivu, na hapo hakuna askari. Nimemwambia ni vibaya, hasikii.

Huyo ndio naogopea.

Mdogo wako,
Kibe


Waithaka,
13 Julai 2009

Haron,

Nakusalimia. Najua uko mzima kwa sababu nilikuona.

Mbarak hana jipiesi. Hajawahi kuwa nayo, anasema amezaliwa Mombasa na bado hajapotea Nairobi. Kamto nilishona nikampa Alhamisi jioni akaweke kwa dashbodi asubuhi. Kile kitu kilikuwa chini ya kiti, kimefungwa na kitambaa, ni nusu tofali. Nilimwomba asifunge mlango, ili hata kioo kisivunjwe. Mimi nilikuwa ndani ya duka, nyuma ya mabunda ya vitambaa.

Nilikuwa nimeomba wasije.

Walikuja wawili, vijana wadogo. Mmoja akaangalia dashbodi, akaingiza mkono chini ya kiti. Na kwa kona, kando ya duka ya viatu, kulikuwa na mtu amewapa mgongo, anakula mahindi, anaangalia barabara. Sikuona uso. Niliona kiwiko. Kiraka ya letha, uzi nyekundu, imeshonwa kubwa kubwa. Hiyo mshono naijua hata gizani.

Mbarak aliniuliza polepole, "Unawajua?" Nikamwambia mmoja.

Unajua nilianza kukushuku lini? Si wakati Debra alikuja. Ni wakati nilifikiria mzee Kisilu. Anapaki hapo hapo kwenu kila siku, jipiesi yake iko chini ya kiti kama za wengine, na hakuna mtu amemgusa. Yeye ndio peke yake wa uzi nyeusi. Nikakumbuka nani alitaka nyekundu.

Mimi nilitoa ile duara kwa kioo. Wewe ukanifanya nishone ingine kubwa kuliko hiyo, na mkono yangu, na mimi nikifurahi. Ulisema watanijua. Walinijua kweli.

Hata hiyo si ndio inaniuma sana. Inaniuma ile barua yako. Nilikuuliza unisaidie, ukanijibu ninyamaze vile nimezoea, halafu ukaniuliza wengine wanapaki wapi.

Jumatano asubuhi mimi na Mwihaki na Mbarak tunaenda kituo cha polisi. Leo ni Jumatatu. Nataka uje kabla ya hapo. Uje kwa Mwihaki useme na mdomo yako, Debra aitwe, na kile kimebaki kirudishwe. Ukija mimi nitasimama kando yako, hata kama sitaongea. Usipokuja, nitaongea.

Kibe


Waithaka,
2 Agosti 2009

Haron,

Sijui hii barua itafikia wapi. Waceke anasema kwa chumba yako kuna kufuli, na pale paking wameweka mtu mwingine, hakuna anajua ulienda wapi. Lakini nimezoea kukuandikia, na kuna kitu imebaki.

Salamu ni za mama yako. Anauliza kifua. Nilimwambia ukweli wote, na bado akauliza kifua.

Ile barua ya mwisho, Waceke alikupa kwa mkono. Ameniambia uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamuuliza swali moja, kama kuna mtu mwingine ameisoma. Basi. Hukuuliza Kibe ako aje. Nilimwambia Waceke arudie tena vile ulisema, labda amesahau kidogo. Hakuwa amesahau.

Jumatatu nilikungoja. Jumanne nilikungoja, Mwihaki akafunga duka akaniacha nimekaa kwa ngazi. Jumatano tukaenda.

Sikubaki pale vile ulisema. Askari aliniambia nieleze, nikaanza, sauti ikakwama. Watu kwa benchi wakanitazama mdomo. Mwihaki akataka kuniongelea. Askari akamwambia mama ngoja, halafu akaniuliza, "Kijana, unajua kuandika?"

Nikasema ndio. Hiyo ilitoka bila shida.

Akanipa karatasi na kalamu. Niliandika yote, kutoka mchanga mpaka tofali. Nikifika kwa jina lako sikusimama, ni jina nimeandika mara nyingi juu ya bahasha. Akasoma, akasema hapa ongeza huyu ni nani yako.

Nikaandika, kaka yangu, ndiye alinifundisha kuandika.

Meza yangu imetolewa viti. Debra bado hajarudi. Uzi nyekundu iliyobaki nimempa Waceke ashonee watoto wake vifungo.

Kibe